Atakayebeba Sanduku Lako Kesho

Mwaitu,

Barua nzuri huanza kwa kumuuliza mtu afya yake. Wewe umelala chumba cha pili na nakusikia ukikoroma, kwa hivyo yako naijua. Ukiniuliza yangu, mgongo hauniumi. Haujawahi kuniuma hata siku moja tangu nizaliwe. Najua hilo litakushangaza, na nitalirudia.

Mambo ya sweta, ya mafuta ya kujipaka, ya kutolala na nywele mbichi na ya kuwaepuka wavulana wenye maneno matamu, mama yako ameyamaliza jioni hii. Mimi nilikaa kwenye stuli nikiitikia tu. Mawazo yangu yalikuwa kwenye barua hii.

Nitaiweka ndani ya kile kitabu cha sheria nilichokupa, na umeniahidi hutaifungua mpaka basi ipite mji wa Wote. Ulicheka ukaniuliza, "Kwani ni siri ya serikali, Baba?" Ni siri yangu, na inakuhusu. Unaenda Nairobi kusomea uwakili kwa sababu ya kesi moja, ile ya Nzioka. Ulipokuwa darasa la nane uliiandikia insha, mwalimu akaisoma mbele ya shule nzima: jinsi baba yako alivyomtetea mbeba mizigo maskini bila kuchukua hata shilingi, jinsi alivyopigana mpaka mwisho. Insha hiyo iko kwenye droo ya ofisi yangu. Sijawahi kuisoma mpaka chini, kwa sababu kesi ile niliiharibu mimi, na niliiharibu nikijua.

Nikiwa na miaka kama tisa, ng'ombe wetu alitumbukia katika kisima tulichokuwa tumechimba mchangani, pale mtoni. Nilimshika pembe nikamtoa kwa mkono mmoja. Nyanya yako, ambaye una jina lake na ndiyo maana nakuita Mwaitu, yaani mama, alikuwa amesimama hapo na kibuyu chake. Hakupiga kelele. Aliangalia huku na huku kama kuna mtu ameona, kisha akaniambia, "Kuanzia leo mgongo wako ni mgonjwa." Aliogopa wataniita mchawi. Basi nikawa na mgongo mgonjwa. Kila gunia lililoingia nyumba hii, kila kitanda kilichohamishwa, kilibebwa na vibarua au na mama yako, mimi nikiwa kando nimeshika kiuno. Unakumbuka alivyokuwa akinisema. Alikuwa na haki ya kunisema, ingawa sababu hakuijua.

Lakini nguvu zikiwepo, mkono unawasha. Nilipokuwa wakili mchanga Kitui, lori la mawe lilipinduka likamlalia mfanyakazi wa barabara. Nilikuwa napita. Nilivua koti, nikatoboa matundu mawili kwenye gunia tupu la mtama, nikalivaa kichwani, nikainua lori. Kufikia Jumatatu, Kitui nzima ilikuwa ikimwongelea Mtu wa Gunia. Ndiyo, Mwaitu. Yule uliyekuwa ukimwigiza na foronya ya mama yako, ukikimbiza kuku uani. Ni mimi.

Ningeishia kwenye malori ningekuwa mzee mwenye raha zake. Sikuishia hapo. Alikuja mteja mmoja kutoka Kyuso, ameshtakiwa kuiba mbuzi wa mjane. Alifunga mlango wa ofisi, akaniambia mbuzi wako wapi: kwenye korongo nyuma ya boma la shemeji yake. Alimwambia wakili wake, na anachoambiwa wakili hakitoki nje. Lakini masikio yangu yalikuwa yale yale ya Mtu wa Gunia. Jumamosi nilienda nikaondoa jiwe walilozibia mdomo wa korongo, nikawaswaga mbuzi wote mpaka kwa mjane, gunia kichwani, watoto wakinifuata wakiimba. Nilijiona mtu mwema sana. Jumatatu mteja akaja, akafunga mlango tena.

"Wakili, mimi nilikuambia wewe peke yako. Hata bibi yangu sikumwambia. Sasa huyo mtu wa gunia alijua aje?"

"Huyo mtu anajua mambo mengi," nikamjibu.

Aliniamini, maskini. Akakubali makosa yote kortini kwa woga, hata yale ambayo hayakuwa yake. Na habari zikaenea kwamba Mtu wa Gunia husikia mpaka yanayosemwa kwa wakili. Baada ya hapo mwanamke mmoja alikuja akaketi mbele yangu muda mrefu, jicho moja limevimba, akiukagua ukuta na dirisha. Mwishowe alisema amekuja kunisalimia tu, akaondoka. Sikujua alitaka kusema nini na sitajua. Siku hiyo ndipo nilipopaswa kuchagua, gunia au joho la wakili. Nikajiambia kwamba mtu mwerevu anaweza kushika vyote viwili. Ukijisikia siku moja unajiambia maneno ya namna hiyo, Mwaitu, shtuka.

Njaa ile tuliyoiita Nikw'a Ngwete unaikumbuka, ingawa ulikuwa mdogo. Nafa nimeshika, watu walisema, maana hata mwenye pesa mkononi hakupata cha kununua. Nilikuwa nimeshahamishia ofisi huku nyumbani. Mahindi ya msaada, yale ya manjano, yalifika hapa Kathonzweni yakafungiwa stoo, na mtu mmoja mkubwa akawa anayauza kupitia mlango wa nyuma. Kwanza nilienda kama wakili. Niliandika barua tatu, sikujibiwa hata moja. Siku moja mchana nikaenda na gunia. Nilikunja nondo za mlango, nikavuta, na fremu yote ikatoka.

Nilikuwa nimemwona mlinzi, Mzee Kyalo, amekaa karibu na ukuta. Nilimwambia kwa Kikamba aondoke pale. Alikuwa mzito wa kuinuka. Ukuta ulifuata fremu ukamwangukia mguuni. Nilimtoa chini ya mawe, nikamlaza kivulini, nikakimbia. Mguu ulikatwa. Watu walibeba mahindi mpaka stoo ikabaki vumbi, na sisi pia tulikula, mama yako akiamini nimeyapata kwa mteja.

Polisi walifikiri kwa njia rahisi: Kathonzweni nzima, ni nani mwenye nguvu? Wakamkamata Nzioka, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa akishusha magunia mawili mawili kutoka kwenye lori. Mama yake alikuja ofisini na kyondo, kikapu chake cha kusuka. Alikaa sakafuni, viti vikiwepo.

"Wakili, hiyo siku mtoto wangu alikuwa mtoni, ananitekea maji," akasema. "Lakini nani ataamini mama?"

Mimi niliamini. Sidhani kuna wakili amewahi kuwa na hakika ya mteja wake kama niliyokuwa nayo mimi siku hiyo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoingia kwenye shimo ambalo sijatoka. Watakufundisha muhula wa kwanza kwamba wakili ambaye ni shahidi wa jambo hasimami kulitetea, na mwenye lake la kupoteza haligusi hata faili. Nilijua. Nilipaswa kumpeleka Nzioka kwa wakili mwingine, halafu niende polisi kwa miguu yangu. Nilijiambia naichukua kesi kwa sababu ya huruma, na huruma ilikuwepo, siikatai. Lakini wakili mwingine angeuliza maswali. Niliichukua kesi ya Nzioka ili niishike mimi, isije ikazunguka ikanifikia.

Kabla ya kesi kusikizwa, wazee wa nzama, baraza letu la kimila, walitaka wanaume wote wa hapa wale kithitu. Wewe kithitu umekisikia tu, maana tumekulea kanisani. Unaapa juu ya kile chombo, pembe yenye dawa, mbele ya wazee, na ukiapa uongo, kabla ya miezi waliyoiweka kwisha kifo kinaingia nyumbani kwako kikianza na unaowapenda. Walipofika kwangu niliinua Biblia nikasema mimi ni mzee wa kanisa, imani hainiruhusu. Waliniheshimu wakapita. Imani haikuwa na kazi yoyote hapo, Mwaitu. Ningeapa kwamba si mimi, halafu ningekuja nyumbani nikutazame ukifanya hesabu zako mezani. Mtu na digrii yake, aliogopa pembe iliyojazwa vitu. Nilijificha nyuma ya Mungu kwa sababu nilikuogopea wewe.

Nzioka naye alikuwa mtu wa kanisa, sauti ya chini kabisa katika kwaya. Wazee walimwambia yeye pia anaweza kukataa.

"Hapana, mimi nitakula," akasema. "Mimi sina kitu naficha."

Akala kithitu mbele ya watu wote. Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa tulikutana tukamtenga kwa kufuata mambo ya kishenzi. Nasema tulikutana kwa sababu nilikuwepo. Waliposema wanaokubali wainue mkono, niliinua.

Kortini kithitu si ushahidi, kwa hivyo hakikumsaidia. Mzee Kyalo aliletwa na magongo yake. Mimi nilikuwa nauliza kwa Kiingereza na karani wa korti anamtafsiria kwa Kikamba, kama ilivyo desturi. Asubuhi yote mzee alijibu akiangalia sakafu. Karani alikuwa mvivu, kila swali analikata nusu, na mimi nikawaka. Nikamwacha karani nikamuuliza mzee mwenyewe kwa Kikamba, "Mzee, ulipokuwa karibu na ukuta, huyo mtu alikuambia nini?"

Mzee Kyalo akainua kichwa. Aliniangalia usoni, polepole, akashuka mpaka mikononi, akarudi usoni.

"Aliniambia niondoke hapo," akasema. "Aliniita mzee. Namna hiyo hiyo umeniita."

Swali lililofuata lilikuwa moja tu. Hata wewe ambaye bado hujaingia darasani unalijua: ukiisikia sauti hiyo leo, utaitambua? Lingemtoa Nzioka pale pale. Lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Nzioka alikuwa nyuma yangu, namsikia anavyopumua, na mama yake kwenye benchi ameshika kyondo kwa mikono miwili. Nikarudi kwenye Kiingereza. Nikamwambia hakimu sina swali zaidi, nikakaa chini.

Mzee Kyalo hakunitaja. Labda ni kwa sababu wajukuu wake walikula mahindi yale. Labda alingoja aulizwe, kwa kuwa shahidi hujibu anachoulizwa. Alikufa miaka miwili baadaye na sikuwahi kumwendea.

Nzioka alipewa miaka saba. Alinishika mkono na pingu zake akasema, "Asante wakili. Umejaribu."

Gunia nililichoma wiki hiyo. Unajua watu walisema nini? Walisema, mmeona, tangu Nzioka afungwe, Mtu wa Gunia hajaonekana tena. Hata kuacha kwangu kukawa ushahidi dhidi yake. Ningetafuta gunia jingine, nitokee mara moja tu siku ya soko Nzioka akiwa ndani, watu wangeona wamefunga mtu ambaye siye. Nililiwaza hilo kila soko. Kila soko nilikumbuka macho ya Mzee Kyalo, nikaenda kununua nyanya nikarudi nyumbani.

Nilikuwa nikimtembelea gerezani. Ule ukuta ningeusukuma kwa bega ukalala. Nilisimama nje yake mara nyingi nikiupima kwa macho. Lakini ningemtoa nimpeleke wapi, akiwa mtoro mwenye jina lile lile? Kilichoweza kumtoa ni maneno machache kutoka kwangu, na hayo yalinishinda kuinua. Nilimpelekea sukari na sabuni.

Kisha mama yake akafa. Ilikuwa kifua, alikuwa amekohoa tangu zamani, daktari aliandika hivyo na karatasi niliiona. Lakini miezi ya kithitu ilikuwa haijaisha. Wazee walihesabu wakasema kimekula, kwa hivyo Nzioka alidanganya. Wale wachache waliokuwa bado upande wake wakanyamaza. Wewe uliniuliza kwa nini watu ni wachache mazishini. Nilikuambia ni mvua.

Mengine umeyaona kwa macho yako. Alitoka kabla ya miaka yake kwisha kwa tabia nzuri, nywele zimekuwa nyeupe, akakuta shamba lao limeota miiba. Na kila mavuno hutuletea debe la ndengu, eti shukrani kwa wakili wake. Anakuita mwanasheria wetu. Lakini kuna kitu hujakiona, kwa sababu hungoja mpaka wewe na mama yako mwende jikoni. Anaweka kikombe chini, anaangalia mikono yake.

"Wakili, wewe ni mtu umesoma," ananiambia. "Mimi nilikosea wapi ile siku? Ni neno gani nilisema vibaya mpaka likaua mama?"

Anaamini amemuua mama yake, Mwaitu. Anajua hakuvunja stoo, na anajua kithitu hakikosei, kwa hivyo lililobaki kwake ni kwamba alitamka kitu vibaya. Amerudia maneno yale kichwani miaka yote hii akitafuta kosa. Na mimi, ambaye namjua aliyevunja stoo, humwambia, "Hayo ni mambo ya Mungu, Nzioka," kisha namwongeza chai.

Desemba iliyopita, barua yako ya chuo ilipokuja, ulinikumbatia ukasema, "Nataka kuwa wakili kama wewe." Kikombe kikavunjika mkononi mwangu. Nilisema vikombe vya siku hizi ni vya ovyo. Ulidhani nimekasirikia kikombe. Nilikuwa nimejikasirikia mimi, na nilitamani kukwambia hapo hapo, lakini ulikuwa umefurahi sana na mimi ni mwoga. Hilo la woga usilisahau unaponifikiria. Mtu anaweza kuinua lori na bado akawa mwoga.

Sitakupa orodha ya mambo ya kufanya huko. Nakuomba hili tu: usinitetee. Ukishasoma haya wewe ni shahidi, na mahali pa shahidi unapajua. Tena barua hii si ya mteja kwa wakili wake, ni ya mzazi kwa mtoto. Hakuna sheria inayokufunga mdomo kwa sababu yake, na mimi nisingekubali iwepo. Taarifa yangu nimeiandika na kuitia sahihi, nayo iko mezani hapa. Wakitaka kuninyang'anya joho wanyang'anye, wakitaka kunifunga wanifunge. Mama yako nitamwambia mwenyewe.

Lakini polisi si wa kwanza. Wa kwanza ni Nzioka.

Kesho saa kumi na mbili atakuja kukubebea sanduku mpaka steji. Amesema sanduku la mwanasheria wetu haliguswi na mtu mwingine. Lile la bati, ambalo wewe na mama yako mmelijaza vitabu na unga na sufuria mpaka jana mkashindwa kulivuta, mimi nikiwa nimeshika kiuno. Nimepanga nimkute langoni kabla hajaingia. Nimwambie hakukosea neno hata moja. Nimwambie mama yake alikufa kwa kifua, na kwamba mtu waliyekuwa wakimtafuta alikuwa amesimama mbele yake kortini, amevaa joho. Akitaka kunipiga anipige. Halafu sanduku nilichukue mimi, kwa mkono mmoja, nilibebe hivyo mpaka steji, wote wakiona.

Nimepanga hivyo. Lakini najijua. Mavuno yote haya nimepanga, na kila mara nimeongeza chai. Naona aibu kukutwika mzigo huu siku unayoondoka, na naona aibu zaidi kwamba nahitaji kukutwika.

Kwa hivyo wewe sasa uko ndani ya basi, Wote imebaki nyuma, na unajua jambo ambalo mimi ninayeandika sijui. Unakumbuka ni nani aliyebeba sanduku.

Kama ni mimi, kaa ulivyokaa, fungua maandazi ya mama yako, uende ukasome.

Kama ni Nzioka, mwambie dereva asimamishe gari. Shuka, urudi, umwambie wewe.

Ni mimi baba yako,
ambaye mgongo haumuumi.